Pale Mstari Ulipopaswa Kukatika

Bhoke mwanangu,

Mmeondoka asubuhi na mama yako kwenda Bomani kutafuta godoro, ndoo, na lile sanduku la bati ambalo yeye anaamini mwalimu mpya hawezi kuripoti kituoni bila kuwa nalo. Nimebaki na kuku na redio, na redio nimeizima. Kalamu naishika kwa vidole vitatu kwa sababu cha nne hakinisikii siku hizi. Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka usidhani ni mfano wa somo. Ni mkono tu.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kumsalimia mkuu wa shule kabla hujaomba chochote, mama yako atazimaliza mkiwa njiani leo, na kesho stendi atazirudia. Mimi sizigusi. Nina jambo moja la kukuambia kabla hujaondoka, na nimeona nikuandikie kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaligeuza mzaha. Nimeligeuza mzaha kwa zaidi ya miaka hamsini.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha tatu. Ulileta karatasi ya jaribio la hesabu iliyojaa wino mwekundu. Swali lilikupa grafu na kukutaka ueleze tabia yake, nawe uliandika, "Inapanda halafu inashuka," ukaweka nukta, ukaenda swali linalofuata. Nilikuwa na wageni wawili sebuleni. Nikaiinua ile karatasi waione, nikasema, "Hii ni damu ya shangazi yake Robi. Damu hiyo ikiona kitabu inakimbilia ng'ombe wa mahari."

Wageni walicheka. Mama yako aliniangalia akaingia jikoni. Wewe ulichukua karatasi yako mkononi mwangu, ukaikunja mara nne, na kwa siku mbili ulikula chakula chako nje na mbwa.

Siku ya tatu nilikuita nyuma ya zizi, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea kijitoni. Nikatandaza kamba ya kufungia ndama, ikapanda kichuguu, ikashuka upande wa pili, ikapita kwenye tambarare ya majani. Nikakuambia utembee juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, na kila hatua useme kwa sauti miguu yako inasikia nini. Ulikuwa bado umenuna. Ulisema, "Inapanda." Nikakuuliza, "Inapandaje?" Ukasema, "Mwalimu, kupanda ni kupanda." Nikakuambia hapana. Kuna kupanda kwa mtu aliyetoka kulala na kuna kupanda kwa mtu aliyechoka. Wote wawili wanakwenda juu, lakini mmoja anazidi kuongeza na mwingine anazidi kupunguza, na karibu na kilele huyu wa pili anakuwa kama amesimama kufikiri. Ukarudi mwanzo wa kamba bila kuambiwa. Ulipofika karibu na juu ulisema polepole, "Hapa inapanda imechoka." Ukageuka kuniangalia. Tangu siku ile hesabu hazikukusumbua tena.

Kesho unakwenda Karatu kuwafundisha watoto wa watu kwa maneno hayo. Ndiyo maana sina budi kukuambia kwamba si yangu. Inapanda imechoka. Imesimama kufikiri. Imeteleza kama aliyekanyaga jiwe la mtoni. Inalala lakini inapumua. Yote ni ya shangazi yako Robi, yule ambaye nimekuwa nikiwaambia alikikimbia kitabu. Nilimwibia maneno, nikamwibia na kitabu chenyewe. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Babu yako hukumkuta. Sisi tulimwita tata, kama Wakurya wote wanavyowaita baba zao. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na kila jioni alisimama kwenye lango la zizi ng'ombe wakiingia. Hakuhesabu. Kwetu ng'ombe hawakuhesabiwa. Ukiwahesabu umewaonyesha njia ya kupungua. Aliwatazama tu. Wakiisha kuingia wote aliweka mti langoni, au alisema, "Yule mwenye pembe iliyovunjika hajafika," na kweli hakuwa amefika. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, "Tata, ng'ombe wetu ni wangapi?"

"Wapo," akasema.

"Wapo wangapi?"

"Wapo wote."

Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo kwenda sekondari. Ndugu zake tata walimkataza. Walisema shule inamfundisha mtoto kuhesabu visivyohesabiwa. Tata akawajibu kwamba mtoto akiharibika atamrudisha kuchunga, basi. Robi alinifuata kwa miaka miwili. Alikuwa amemaliza darasa la sita, Januari aingie la saba. Ni yeye aliyeangalia ndama, kuwatenga na mama zao, kuwanywesha. Alikuwa na macho ya tata. Alijua ng'ombe yupi anaanza kuumwa kabla ng'ombe mwenyewe hajajua.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa Ukerewe mwenye sauti ya mwongoza kwaya, alitupa kazi ya likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. "Chagueni kitu kimoja nyumbani kinachobadilika," alisema. "Kipimeni kila baada ya siku chache. Choreni grafu yake. Chini yake andikeni sentensi tano za kueleza tabia ya hiyo grafu, na ole wake atakayetia namba katika sentensi hizo. Nataka kipofu aione grafu yako kwa masikio."

Wenzangu walichagua mvua kwenye kopo, au urefu wa mahindi. Mimi nilitaka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukileta darasani. Nikachagua ng'ombe wa tata.

Nilijificha nyuma ya ghala jioni, nikiwa na kibuyu na punje za mahindi. Ng'ombe mmoja akiingia, punje moja ndani. Baadaye nilizihesabu punje porini, nikaandika kwenye daftari, nikazirudisha kibuyuni pamoja na zilizobaki, nikakificha kibuyu pale nilipoona hapana mtu atakayetazama, chini ya nyasi katika banda la ndama. Sikufikiri kwamba banda lile lilikuwa na mtu mmoja tu aliyeingia humo kila siku.

Wiki ya pili au ya tatu Robi alinikuta kijitoni nikichora. Akakaa kando yangu, akachungulia.

"Hii ni nini?"

"Ng'ombe wa tata."

"Mbona hawana miguu?"

Nikamweleza. Huku chini ni siku, zinakwenda kulia. Huku kando ni ng'ombe, wanakwenda juu. Akazifuata nukta kwa macho. Kisha akasema, "Umewahesabu."

"Nimewachora."

"Umewahesabu, mura. Usinichezee." Mura ni kijana wa kiume, nawe unajua shangazi yako bado ananiita hivyo mimi mzee wa meno manne. Nilidhani atakwenda kusema. Badala yake alilivuta daftari magotini mwake akapitisha kidole juu ya mstari, kutoka kushoto, taratibu, kama anayempapasa ndama mgonjwa.

"Hapa kundi linapanda," akasema, "lakini linapanda limechoka. Wale waliozaa walikuwa wengi mwanzoni, sasa wamebaki wachache."

Nilimtazama. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha maneno mawili tu, kupanda na kushuka. Huyu msichana wa darasa la sita, aliyeiona grafu kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa ameona kwamba kuna kupanda ndani ya kupanda. Nikasema, "Rudia." Akarudia. Nikaandika.

Tangu hapo kila nilipoongeza nukta nilimpelekea. Zilipokaa sawa kwa siku kadhaa, alisema kundi limesimama kufikiri. Kisha mvua zikaja, na pamoja nazo ndigana. Ni ugonjwa wa kupe, na hata wazee walikuwa hawajawahi kuona ndigana kama ile. Ndama walivimba tezi chini ya masikio, wakahema, wakalala. Kisha mama zao. Tata alisimama langoni akiangalia, na sasa alichelewa sana kuweka mti. Nukta zangu zilishuka. Robi aliangalia karatasi akiwa na matope mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa alikuwa ametoka kumfukia ndama, akasema, "Limeteleza kama mtu aliyekanyaga jiwe la mtoni." Baada ya siku nyingine akasema, "Sasa linalala. Lakini linapumua."

Hizo ni sentensi nne. Kazi ilitaka tano.

Baba mdogo ndiye aliyekiona kibuyu, siku walipotoa nyasi za banda ili wazichome. Alikileta uani. Tata akakimimina juu ya ngozi ya ng'ombe iliyokuwa inakauka. Punje zikatawanyika. Bhoke, hakuzihesabu. Alizitazama vile vile alivyowatazama ng'ombe langoni, kwa muda ule ule, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hawa ni wangu. Hawa ni kabla ya ugonjwa."

Uani tulikuwa wengi. Akauliza, "Nani anaingia bandani?"

Kila mtu alimtazama Robi.

"Tata, mimi sikuhesabu," akasema Robi.

"Kibuyu kiliingia chenyewe?"

"Sikuhesabu."

Baba mdogo akacheka. "Mwache, kaka. Msichana anayehesabu ng'ombe wa baba yake anahesabu wa mahari yake. Amechoka kusubiri. Watu wa Busawe si wamekuja mara mbili? Mpeni huyu akawahesabu huko."

Watu wakacheka, ule mcheko wa kushukuru kwamba mkosaji amepatikana. Nilikuwa nimesimama na kamba mkononi. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, kwa sababu inzi aliugusa mdomo wangu. Nikawaza: nikisema, baba zangu wadogo wameshinda, shule imeniharibu, ng'ombe wamekufa kwa ajili ya shule, nami nitarudi kuchunga. Nikaufunga. Robi aliniangalia mara moja tu. Hakunitaja. Angeweza.

Jioni nilimfuata njia ya kijitoni.

"Ungesema," nikamwambia. Fikiria aibu hiyo. Nilimwambia yeye angesema.

"Mimi nimesema siyo mimi," akajibu. "Kilichobaki kilikuwa chako."

Watu wa Busawe walikuwa kweli wamekuja mara mbili kumposa, na mara zote mbili tata aliwaambia wasubiri amalize la saba. Sasa aliwatumia ujumbe waje. Zizi lilikuwa na nafasi na moyo wake ulikuwa na hasira, na vitu hivyo viwili vikikutana hapana mtoto anayeulizwa. Jumamosi moja ng'ombe wa mahari wakaingia langoni, wageni, wakiogopa harufu ya zizi letu. Tata akawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Akaweka mti.

Asubuhi aliyoondoka Robi alikuja nilipokuwa ninafunga vitu vyangu vya shule. Alikuwa amevishwa nguo mpya, ilimpwaya mabegani. Akaniomba daftari. Akaangalia pale mstari ulipolala.

"Sasa utapanda?" akauliza.

"Utapanda."

"Basi uandike vizuri."

Akanirudishia. Hakulia mbele yangu. Mama alisema alilia walipouvuka mto Mara, lakini mimi sikuwepo.

Sasa nisikilize kwa sikio la mwalimu, maana hapa ndipo kosa langu linapokuwa la hesabu pia. Nukta ya chini ilikuwa ya Alhamisi. Nukta ya juu ilikuwa ya Jumamosi ile. Katikati hapakuwa na kitu. Kundi halikukua siku ya Ijumaa. Hapana ng'ombe aliyezaa, hapana aliyepona. Mtu mwaminifu angeinua penseli pale, akauacha mstari umekatika, na yeyote anayeusoma angeuliza: hapa kulitokea nini? Lakini mwalimu alikuwa ametuagiza tuunganishe nukta kwa mstari laini, na mimi nilikuwa na mkono mzuri. Nikaupitisha mstari kutoka chini kwenda juu kwa mviringo mzuri, kama kilima kinachopanda chenyewe. Chini yake nikaandika sentensi ya tano, ya kwangu peke yangu: "Kisha grafu inapanda tena, kwa kuwa afya ya mifugo imeimarika."

Mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa. Alisema hajawahi kuona mwanafunzi anayeeleza grafu namna hiyo. "Linalala lakini linapumua," akarudia, akatikisa kichwa. Akaniuliza nimetoa wapi maneno hayo. Nikasema, kichwani. Siku ile ndipo nilipoamua kuwa mwalimu wa hesabu.

Unaona basi jinsi nyumba hii ilivyojengwa.

Nilifundisha mpaka nilipostaafu, nawe umekutana na wanafunzi wangu kila mahali, kwenye benki, kwenye zahanati, hata yule askari wa Sirari aliyekusaidia mzigo kwa sababu ya jina langu. Wote wakikuona wanasema, "Inapanda imechoka," na kucheka. Kila mwaka niliyasema maneno ya Robi mbele ya ubao, na sikulitaja jina lake hata mara moja. Nililitaja mahali pengine. Watu walipouliza kwa nini dada wa mwalimu hakusoma, nilisema alipenda ndoa kuliko daftari. Mzaha ule ulinisaidia sana. Kila ulipochekwa, niliamini kidogo zaidi kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mwembamba aliyekaa nyuma. Siku moja nilikuwa nikiunganisha nukta ubaoni, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunajuaje kwamba katikati hapa ilipita hivyo? Hatukupima katikati." Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia atoke nje, anapoteza muda wa wenzake. Alisimama juani mpaka kengele ikalia. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hofu. Mwaka uliofuata nilianza kufundisha kwamba kabla hujaziunganisha nukta mbili uulize kama kati yao kuna kitu kinachoweza kuunganishwa, na kama hujui uinue penseli. Nilijisifu kwamba nimekuwa mwalimu bora. Yule msichana sikumwomba radhi, na jina lake nimelisahau, jambo linaloniuma kila nikijaribu kulikumbuka.

Usidhani Robi aliacha kuwa yule yule. Miaka mingi baadaye alikuja msibani kwa mama yetu, akiwa na watoto watano na jembe lililompinda mgongo. Tulikaa jikoni tukimenya viazi, nami kwa kujionyesha nikamweleza juu ya grafu ambayo inausogelea mstari fulani daima, kila siku karibu zaidi, lakini haiugusi kamwe. "Huyo ni mkwe," akasema. "Anakuja kwa mama mkwe wake, anasogea, anasogea, mlangoni hafiki." Wanawake jikoni walicheka mpaka viazi vikaanguka. Wewe ulifundishwa asimptoti kwa mkwe huyo. Nilikuambia niliibuni mimi.

Sasa nifike kwenye siku ile ya mwezi wa tatu uliopita, niliporudi kutoka hospitali. Nyumba ilijaa. Shangazi yako alikuja kutoka Busawe na mtama na kuku wa kienyeji, akakaa kwenye mkeka karibu na kitanda changu. Mzee wa kanisa akamuuliza kwa utani, "Mama, nawe ulifundishwa na mwalimu huyu?" Kabla hajajibu, mimi mgonjwa, mwenye pumzi ya kuazima, nikautoa ule mzaha wangu. Alipenda ndoa kuliko daftari. Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyomchekea mgonjwa.

Wewe ulikuwepo. Ulidhani aliinuka kwenda kuangalia sufuria.

Walipotoka wote alirudi akakaa pale pale. Akanitengenezea shuka miguuni. "Mura," akasema, "watu wana uongo mwingi, leo huu kesho ule, wanachoka nao wanauacha. Wewe una uongo mmoja tu. Na umeulisha vizuri. Umenenepa."

Nikasema, "Robi, nitawaambia."

"Lini? Nikifa mimi au ukifa wewe?"

Nikageukia ukutani. Akasema, "Huyu mtoto wako Bhoke anafanana na mimi machoni. Anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba mimi sikukikimbia kitabu. Anaponiangalia, ananiangalia kama mtu anayeangalia shimo ambalo yeye aliliruka. Mimi si shimo."

Asubuhi aliondoka na gari la Mugumu. Tangu siku hiyo nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara moja ulikuwa unapepeta mahindi. Nikaanza, "Shangazi yako," nawe ukatabasamu ukingoja mzaha. Nikakuuliza kama amepiga simu.

Daktari aliniambia moyo wangu umechoka, hilo ulilisikia. Ulipotoka kwenda dirisha la dawa akaniambia maneno mengine mawili matatu. Sitayaandika hapa, yangekufanya usiondoke, na mimi nataka uondoke. Nimelitazama jambo hili upande wangu nikaona mstari wangu hauna muda wa kupanda tena. Wake je? Yeye ana miaka sabini na kitu, na mpaka leo watoto wa ukoo mzima wanamjua kama msichana aliyewahesabu ng'ombe wa baba yake kwa tamaa ya kuolewa. Akifa kabla hayajasahihishwa, atazikwa na kosa langu.

Kwa hiyo nakuomba kitu, nacho ni kimoja. Basi lako linapitia Mugumu, na una siku tatu kabla ya kuripoti. Shuka Busawe. Lala kwake. Katika sanduku lenu jipya la bati nitaweka daftari la kijani lililofungwa kwa kamba ya katani. Ni lile lile, nilikuwa nimelificha kwenye dari pamoja na vyeti vyangu. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai lakini nukta zinaonekana.

Juzi, ulipokuwa kanisani, nililitoa nikachukua wembe. Nilikwangua mstari wangu mzuri, ule wa kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi. Ilinichukua muda wote wa ibada kwa mkono huu, na karatasi imetoboka mahali pamoja. Usiibandike. Katika nafasi iliyo wazi nimeandika jina lake. Chini nimefuta sentensi ya tano, nikaandika nyingine, bila namba, kama mwalimu alivyotaka: "Hapa grafu haikupanda. Hapa alitolewa mtu, naye hakuwa na kosa; aliyehesabu ni mimi." Nimetia sahihi.

Usimsomee. Anajua kusoma; aliishia darasa la sita akiwa na akili ya kufika ulikofika wewe na kupita. Mpe mkononi, umwache. Usimwambie kwamba naomba msamaha, maana mtu akiombwa msamaha na mtoto mgeni aliyelala kwake, atasema ndiyo kwa ajili ya adabu, nami sitaki ndiyo ya adabu. Akikasirika, kasirikeni pamoja. Akinyamaza, menyeni viazi. Lakini kabla hujaondoka mwombe akuelezee hiyo grafu upya, yote, kutoka kushoto mpaka mwisho, pamoja na pengo lake, nawe uandike kila neno kama anavyolitamka. Huko Karatu, siku utakayosimama ubaoni na watoto wakakuambia kupanda ni kupanda, wape maneno hayo, na useme ni ya nani. Sema Robi wa Busawe. Waulize kama wamelishika jina.

Baba zako wadogo na binamu zako nitawaambia mwenyewe. Nimewaita Jumapili. Wewe utakuwa umekwisha kwenda, ndiyo maana nimeichagua Jumapili. Mbele yako ningetafuta namna ya kuonekana mzuri.

Lile neno nililolisema mbele ya wageni, la damu ya shangazi yako, sasa unajua lilikuwa kweli kwa namna ambayo sikustahili kuisema. Ni damu yake. Ile siku kwenye kamba, uliporudi mwanzo bila kuambiwa na kupanda tena taratibu, ulikuwa na uso wake wa kijitoni, matope mpaka viwikoni. Niligeuka nikajifanya naangalia ng'ombe.

Nasikia pikipiki chini ya kilima. Labda ni nyinyi na hilo sanduku. Nitaiweka barua hii katika mkoba wako wa mkononi, uikute ukiwa ndani ya basi kabla ya Mugumu, na nitakula nanyi nikiwa kama kawaida yangu, na kesho nitakuaga kwa mzaha. Unisamehe huo.

Shangazi yako atakuuliza habari zangu. Atataka kujua nimebakiza siku ngapi, kwa sababu ana macho ya tata na ameshaona. Usimhesabie. Mwambie: yupo.

Baba yako